Uzito wa Kupindukia na Tiba ya Kichina: Cha Kuchukua na cha Kuacha Dukani

Kikombe cha strungi kisichotiwa kitu hakifikishi kalori tano. Kitie vijiko vitatu vya sukari, kinywe mara tano kutoka alfajiri hadi jioni, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za Kericho na Bomet, na sukari peke yake imefika gramu 60. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite takriban gramu 50 kwa siku, na linasema akiishia 25 ndiyo bora. Hapo bado hatujagusa maziwa, mandazi wala chapati.

Sasa ingia saluni, simama stejini, au fungua kikundi chochote cha WhatsApp. Utatangaziwa chai ya Kichina ya kukata tumbo, vidonge vya Kichina vya kuyeyusha mafuta, na plasta ya kubandika kitovuni. Watu waliozungukwa na majani chai wananunua majani ya pakiti kutoka ng'ambo ili waondoe unene ambao sehemu yake imetoka kwenye vikombe vyao wenyewe.

Tatizo lipo kweli. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanaume ni asilimia 19. Na maisha ya nchi ya majani chai yamebadilika: mchumaji anayepanda na kushuka mteremko na kikapu mgongoni hutumia nguvu nyingi, lakini mashine za kuchuma zimeingia mashamba makubwa, vijana wamehamia kwenye bodaboda na kaunta za M-Pesa. Kazi ya miguu imepungua, sahani haikupungua.

Tiba ya Kichina ina la kumfaa mtu wa huku. Ina maarifa ya muda mrefu kuhusu mlo, mwendo na kuusoma mwili, na hayo hayana bei. Ina dawa pia, na dawa hizo zina hatari zake. Haya ya kwanza yachukue leo. Hizo za pili ziache mpaka utimize masharti yaliyo hapa chini.

1. Jipime kabla ya kujitibu

Daktari wa Kichina aliyesoma kazi yake haandiki dawa kabla ya mambo manne: kukutazama, kukusikiliza na kukunusa, kukuuliza, na kukushika mshipa wa mkono. Muuzaji wa stejini hafanyi hata moja. Anza wewe mwenyewe, kwa utepe wa fundi cherehani.

Zungusha utepe tumboni, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Mwanamke akifika sentimita 80, na mwanamume 94, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo imeanza kupanda. Wakifika 88 na 102, hatari ni kubwa. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu wako: mtu wa sentimita 160, kiuno chake kiwe chini ya 80.

Kisha gawanya uzito wako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 32. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Uchina yenyewe imeweka mipaka ya chini zaidi, 24 na 28, kwa kuwa watu wake hupata maradhi ya unene wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu.

Presha na sukari pia zipimwe. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari na mizani, kwa hiyo muulize wa kijiji chako. Presha inayorudia kufika 140 juu au 90 chini, au sukari ya asubuhi kabla ya kula inayofika 7.0, ni ya kupelekwa hospitali, iwe ni Kericho, Kapkatet, Litein, Longisa au Tenwek. Usiitafutie chai.

2. Elewa Wachina wanavyoueleza unene

Kitabu kikongwe cha tiba yao, Huangdi Neijing, kilichokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, tayari kilionya kwamba mtu anayeendekeza vyakula vya mafuta na vitamu huishia kwenye ugonjwa wa kiu na kudhoofika, ambao madaktari wa leo wa Kichina huufananisha na kisukari. Baadaye tabibu Zhu Danxi, aliyeishi kati ya mwaka 1281 na 1358, alifundisha kwamba watu wanene wana balghamu nyingi.

Msingi wa maelezo yao ni wengu. Wanapolitaja hawana maana ya kile kiungo anachokiona daktari wa upasuaji. Wanataja kazi nzima ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kusambaza maji mwilini. Aliyewahi kuingia kiwanda cha chai cha Tegat au Kapkoros ataelewa haraka. Majani mabichi hunyaushwa kwanza kwa upepo ili unyevu upungue, ndipo yasagwe. Yasiponyauka vizuri, kila hatua inayofuata inaharibika. Wengu likichoka, wanasema, unyevu hubaki mwilini, hugeuka balghamu, na balghamu hujilimbikiza kuwa unene.

Fiziolojia ya leo haielezi hivyo. Mafuta hujilimbikiza chakula kinachoingia kinapozidi kinachotumika, na ndani ya hesabu hiyo mna urithi, homoni, usingizi, msongo na hata baadhi ya dawa. Ila tazama mashauri yanayotoka kwenye nadharia ile ya kale: punguza tamu na mafuta, kula kwa saa zake, usishibe kupita kiasi, usikae tu. Daktari wa Tenwek atakwambia hayohayo. Nadharia zinatofautiana, njia inakutana.

Nadharia hiyo inasema pia kwamba mahali penye baridi na mvua hulegeza wengu. Kericho, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, ingewahangaisha matabibu wale. Kubadilisha nguo zilizolowa na kula chakula cha moto ni ushauri mwema. Lakini usiisingizie mvua: mvua hainenepeshi mtu.

3. Jitambue uko aina gani, na kila aina na kipimo chake

Matabibu wa Kichina hawatibu unene kama ugonjwa mmoja. Hutafuta chanzo. Aina nne hutajwa mara nyingi, na mtu anaweza kuchanganya mbili. Tazama ulimi asubuhi kwenye mwanga wa jua, kabla ya chai au mursik (maziwa yaliyochacha kibuyuni), kwa sababu vyote viwili hubadilisha rangi ya utando wake.

*Joto la tumbo.* Njaa haikauki, kiu haiishi, choo kigumu, mdomo unanuka, ulimi mwekundu wenye utando wa manjano. Ushauri wao ni kupunguza vya kukaanga, pilipili na pombe, na kuongeza mboga chungu. Kipimo chako: sukari ya damu, tena mapema. Njaa, kiu na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kisukari kwa lugha yoyote ya tiba.

*Wengu dhaifu lenye unyevu.* Uchovu baada ya kula, miguu mizito, tumbo kujaa, choo laini, ulimi mnene wenye alama za meno pembeni. Ushauri wao ni chakula kilichopikwa kikaiva, kwa saa maalumu, bila soda baridi, na sukari na mafuta kidogo. Kipimo chako: wingi wa damu na tezi ya shingo. Na kama wa nyumbani anakwambia unakoroma kisha pumzi inakatika usingizini, mweleze daktari. Uchovu wako huenda unatoka huko.

*Qi ya ini iliyokwama.* Qi ni jina lao la nguvu inayozunguka mwilini. Huyu hula akiwa na hasira au mawazo, kifua hubana, hushusha pumzi ndefu, na kwa mwanamke hedhi huyumba. Ushauri wao ni kutembea, kulala mapema, na kuutua moyo mzigo. Kipimo chako: kama hedhi hupotea kwa miezi na nywele zinaota kidevuni, nenda kliniki ya wanawake, kwani huenda ni tatizo la homoni za ovari. Huzuni isiyoisha nayo ina wataalamu wake.

*Yang ya wengu na figo iliyopungua.* Yang ni ule upande wa joto na nguvu. Hii huwapata zaidi waliokomaa kiumri: husikia baridi kuliko wenzao, mgongo na magoti huuma, huamka usiku kukojoa, miguu huvimba. Ushauri wao ni vyakula vya kupasha mwili kama tangawizi, mdalasini na supu isiyo na mafuta. Kipimo chako: bonyeza mguu kwa kidole. Ukiacha shimo, hayo ni maji, si mafuta, na moyo, figo na tezi vinataka kuangaliwa hospitali.

4. Jikoni: sehemu saba kati ya kumi

Wachina wana usemi wa kawaida nyumbani kwamba mtu ale mpaka ashibe sehemu saba kati ya kumi. Kuna mwingine unaosema kifungua kinywa kiwe kizuri, cha mchana kishibishe, cha usiku kiwe kidogo. Huku kwetu mara nyingi mambo ni kinyume. Mchumaji hutoka alfajiri na chai tupu, mchana hula kidogo akingoja mizani ya kituo cha majani, usiku hukutana na ugali mkubwa, kisha hulala juu yake. Geuza mpangilio huo hivi:

- Beba chakula shambani: kiazi kitamu cha kuchemsha, yai, au githeri isiyokaangwa. Njaa ya mchana ndiyo inayokula ugali wa usiku.
- Gawa sahani. Nusu iwe mboga, robo iwe maharagwe, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta, robo iwe ugali, na ugali huo usizidi ngumi yako. Ugali wa wimbi una nyuzinyuzi nyingi kuliko wa unga mweupe, lakini nao una kipimo.
- Penda mboga chungu. Kwa Wachina uchungu hukausha unyevu na kupoza joto la tumbo. Kwa mtaalamu wa lishe, mboga hizo zina nyuzinyuzi, madini na kalori chache. Nchi ya Wakipsigis imebarikiwa nazo, isageek na managu zikiwa mbele. Tatizo ni malai na mafuta tunayozimwagia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori takriban 120. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye mtungi.
- Mursik uhesabu kuwa chakula. Tabibu wa Kichina angemwambia mwenye wengu dhaifu apunguze maziwa. Mimi nasema mursik hauna sukari ya kuongezwa na una protini, basi glasi moja pamoja na kimyet (ugali) inatosha na ichukue nafasi ya kitu kingine. Glasi ya maziwa yasiyoenguliwa ina kalori karibu 150, kwa hiyo glasi tatu ni mlo mzima.
- Usijinyime chakula siku nzima. Hata kwa nadharia yao, njaa ndefu hudhoofisha wengu. Kwa uzoefu wa kila mtu, humalizikia kwenye mandazi.

5. Kikombe: chai uliyo nayo inatosha

Wachina wengi hunywa chai isiyo na sukari wala maziwa, na hapo ndipo siri kubwa ya "chai ya kupunguza mwili" ilipo. Usikate sukari kwa siku moja ukashindwa keshoye. Kama ni vijiko vitatu, shuka hadi viwili kwa wiki mbili, kisha kimoja kwa wiki mbili, kisha nusu. Ulimi huzoea. Kwenye sufuria ongeza maji, punguza maziwa. Tangawizi, mdalasini au iliki vitaziba pengo la utamu.

Kericho ina Taasisi ya Utafiti wa Chai, na huko ndiko ilikotoka chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Ina antosayanini, ile rangi iliyo pia kwenye zabibu nyeusi. Ni kinywaji kizuri. Usiambiwe tu kwamba inayeyusha kitambi. Chai ya kijani imechunguzwa zaidi, na tathmini ya Cochrane ya mwaka 2012 ilikuta kwamba uzito inaopunguza ni mdogo mno kiasi cha kutomsaidia mgonjwa. Vidonge vya dondoo kali ya chai ya kijani ni jambo jingine: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiini chake, EGCG, zinaweza kudhuru ini. Kunywa jani, usimeze dondoo.

Mambo mawili zaidi. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya mboga na maharagwe yasiingie damuni, basi acha ipite saa moja, hasa kwa wanawake na wajawazito. Na usinywe ikichemka. Tangu 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na Bomet inaujua ugonjwa huo vyema. Tenwek imewatibu wagonjwa wengi wa umio kwa miaka mingi.

6. Miguu na pumzi

Baada ya kula, tembea hatua mia; ndivyo Wachina wanavyousiana. Dakika 10 hadi 15 baada ya chakula cha usiku, hata kama ni kuzunguka boma, husaidia sukari ya damu isipande sana. Lengo la wiki ni dakika 150 za mwendo unaokupandisha pumzi lakini bado unaweza kuzungumza. Anayechuma majani kwa mkono siku sita tayari amelitimiza. Maneno haya yanamhusu zaidi karani, mwalimu, dereva na mwenye duka.

Kwa anayeumwa magoti, taichi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu, ina ushahidi mzuri. Jaribio la Hong Kong lililochapishwa mwaka 2021, lenye washiriki 543 wa umri wa miaka 50 na zaidi wenye vitambi, lilikuta kwamba wiki 12 za taichi zilipunguza kiuno kwa sentimita 1.8 zikilinganishwa na kutofanya zoezi, na mazoezi ya kawaida kwa 1.3. Si muujiza, lakini ni upungufu wa kweli bila kidonge.

Mwalimu wa taichi ni vigumu kumpata Sotik. Jaribu badala yake baduanjin, mfululizo wa mazoezi manane ya taratibu. La tatu ndilo wanalolihusisha na wengu na tumbo. Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega. Ukivuta pumzi, sukuma kiganja kimoja juu kama unayezuia dari, kingine ukisukume chini karibu na nyonga. Ukitoa pumzi, rudisha mikono mbele ya tumbo, kisha badilisha. Fanya mara nane kila upande. Malizia na la nane: inuka kwa vidole vya miguu, shuka taratibu, mara saba.

7. Sindano na vidole

Sindano za Kichina zimechunguzwa kwa unene katika majaribio mengi. Baadhi yameonyesha upungufu mdogo wa uzito, ila mengi yalikuwa madogo na yenye kasoro, na waliofaidika zaidi ni waliobadilisha mlo wakati huohuo. Ukienda kwa mtaalamu, angalia leseni yake, na hakikisha sindano ni mpya, zinafunguliwa mbele yako na kutupwa baada ya kutumika. Mwenye ujauzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme kabla ya kuguswa.

Kujibonyeza kwa kidole hakuna gharama. Nukta ya Zusanli iko vidole vinne chini ya goti, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi. Zhongwan iko katikati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua. Bonyeza taratibu dakika moja au mbili kabla ya kula. Usitarajie mafuta yatoke. Faida unayoweza kuipata ni kutulia, na kukumbuka kwamba unakaribia kula. Kupiga chuku nako, ambako watu wa pwani wanakujua vyema, hakutoi mafuta.

8. Kabla ya kununua dawa, uliza maswali matano

Tiba ya Kichina imeipa Afrika zawadi kubwa. Artemisinini, msingi wa dawa za malaria tunazozitumia leo, ilitolewa na Tu Youyou na wenzake mwaka 1972 kutoka kwenye mmea uliotajwa katika vitabu vyao vya kale, na mwaka 2015 akatunukiwa Nobel. Mashamba ya chai ya Kericho, yaliyokumbwa na milipuko ya malaria ya nyanda za juu, yanajua thamani yake. Lakini mmea ule ulisafishwa, ukapimwa na kujaribiwa kwa wagonjwa. Pakiti ya stejini haijapita njia hiyo.

Mapema miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza mwili huko Brussels, Ubelgiji, iliwapa wanawake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jina linalokaribiana, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ma huang, mmea wa Kichina wenye efedrini, ulipigwa marufuku kwenye virutubisho nchini Marekani mwaka 2004 kwa sababu ya madhara ya moyo. Sibutramini, dawa ya kuzuia njaa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, imekutwa mara kwa mara imefichwa ndani ya vidonge na chai zilizoandikwa "asilia".

Kwa hiyo uliza:

1. Je, imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu? Namba ya usajili iko wapi?
2. Kilichomo kimeandikwa chote, kwa lugha ninayoisoma?
3. Je, ina sanamaki au dawa nyingine ya kuharisha? Kuharisha hutoa maji na chumvi za mwili. Mizani hushuka Jumamosi, hupanda Jumatatu, na mafuta yako palepale. Senetwet, mti wa mkaa wa kusafishia kibuyu cha mursik, ni jamii moja na sanamaki, na majani yake hayafai kuchemshwa ukajitibu nayo.
4. Itagongana na dawa ninazotumia? Mzizi wa urukususu, unaotiwa kwenye michanganyiko mingi ya Kichina, hupandisha presha. Anayetumia dawa za presha, kisukari au virusi vya UKIMWI asimeze kitu kabla ya kumwonyesha daktari wake pakiti.
5. Inaahidi kilo ngapi? Ahadi ya kilo kumi kwa mwezi bila kubadilisha mlo ni sababu tosha ya kuiacha dukani.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto hawana swali la kuuliza: wasitumie kabisa. Na yeyote anayesikia moyo kwenda mbio, macho kugeuka manjano au mkojo kupungua baada ya kutumia dawa hizi, aache mara moja na kwenda hospitali na pakiti mkononi.

9. Mpango wa wiki 12

Wiki ya kwanza na ya pili: jipime, andika, toa kijiko kimoja cha sukari, tembea baada ya chakula cha usiku. Wiki ya tatu hadi ya sita: sahani igawanywe, mafuta yapimwe kwa kijiko, chakula cha usiku kiliwe mapema, baduanjin kila asubuhi. Wiki ya saba hadi ya 12: sukari ifike nusu kijiko au isiwepo, dakika 150 za mwendo zitimie, usingizi ufike saa saba, na chai ya mwisho iwe kabla ya saa kumi jioni. Pima kiuno mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi. Oktoba bonasi ya wakulima wa chai kutoka KTDA ikitoka, nyama na soda zitakuja. Kula siku ya sherehe, lakini sherehe isigeuke wiki.

Lengo la kwanza ni kupunguza asilimia tano ya uzito, yaani kilo nne kwa yule mama wa kilo 82. Kiasi hicho huanza kushusha presha na sukari. Wiki 12 zikipita bila mabadiliko, au hesabu yako ya uzito kwa urefu ikiwa 30 na zaidi pamoja na presha au kisukari, mwombe daktari akueleze dawa na njia nyingine zilizopo.

Ushahidi mzito zaidi kutoka Uchina haukutoka kwenye mimea. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing, watu 577 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa makundi. Waliobadilisha mlo, waliofanya mazoezi au waliofanya yote mawili kwa miaka sita walifuatiliwa kwa miaka 30. Kisukari kilichelewa kwao kwa karibu miaka minne, na vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa theluthi moja. Hiyo ndiyo dawa ya Kichina ya kununua: sahani ndogo na miguu inayotembea. Anza na kijiko cha sukari cha kikombe chako kijacho.